Jina la Saba Ubaoni

Kazija Shaame alikuwa mama karanga. Hapa pwani ya kusini, hilo ndilo jina la wanawake wanaonunua samaki wadogo, wakawakaanga na kuwauza. Kila asubuhi alikwenda bandarini na beseni lake. Alinunua vibua au tafi, akarudi nyumbani, akawapaa, akawaosha, akawatia chumvi na bizari. Adhuhuri ikifika, karai lake lilikuwa tayari linachemka kando ya njia.

Kazi hiyo haiwezekani bila maji. Na maji ndiyo yaliyokuwa taabu yake.

Kijiji chake kinaitwa Mitondooni. Kiko kati ya Gazi na Msambweni, na kina pande mbili. Upande wa kaskazini huitwa Bandani. Huko ndiko kwenye bandari, maduka na mfereji wa maji. Upande wa kusini huitwa Kwa Wapemba. Huko ndiko alikozaliwa Kazija. Kutoka Kwa Wapemba hadi mferejini ni mwendo wa nusu saa, na kurudi na mtungi kichwani ni zaidi. Mfereji ulifunguliwa saa tatu asubuhi na kufungwa saa sita. Saa hizo ndizo samaki waingiapo. Kazija hakuweza kuwa mahali pawili. Kwa hiyo aliyepanga foleni ya maji alikuwa binti yake Nusra, aliyesoma gredi ya nane. Siku mbili kila wiki Nusra aliingia darasani somo la Hisabati limekwisha.

Kazija hakupenda jambo hilo. Lakini alikuwa amezoea kutosema.

Mama yake, Bi Mize, ndiye aliyemfundisha hivyo. Bi Mize alifika pwani hii akiwa mtoto wa miaka mitano, wakati watu walipokimbia machafuko kisiwani Pemba, zaidi ya miaka sitini iliyopita. Alikumbuka kitu kimoja tu cha safari ile: amefungwa kanga mgongoni mwa mama yake, naye anaambiwa asilie. Walipokewa vyema Mitondooni. Walipewa mahali pa kujenga. Lakini watoto walizaliwa, wajukuu wakazaliwa, na bado waliitwa wakimbizi. Hawakuwa na vitambulisho. Mtu asiye na kitambulisho hapigi kura. Hafungui akaunti benki. Hata laini ya simu huisajili kwa jina la mtu mwingine. Kazija mwenyewe alitolewa shuleni akiwa darasa la pili, kwa kuwa hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kwa kuwa alikuwa msichana. Kaka yake aliendelea kidogo, kwa huruma ya mwalimu.

Bi Mize aliwaambia binti zake, "Mgeni ni kuku mweupe. Akifanya lolote anaonekana." Basi wakajifunza kupita pembeni.

Kisha miaka michache iliyopita serikali iliwatambua Wapemba kuwa raia wa Kenya. Kazija alipata kitambulisho. Njia nzima kutoka Msambweni alikishika mkononi, hakukitia mkobani. Nusra alimsomea namba yake mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka Kazija akaijua kwa moyo kama anavyoijua sura ya Alhamdu. Mumewe, Twahir, hakuwa na bahati hiyo. Jina lake lilikosewa kwenye karatasi, akaambiwa aanze upya. Wazee wa kijiji walitakiwa kuthibitisha kwamba wanamjua. Karatasi zake zilikuwa kwa mmoja wa wazee hao, Mzee Abdulrahim, zikingoja sahihi.

Mwaka uliofuata darasa la watu wazima lilifunguliwa kwenye chumba cha madrasa. Mwalimu aliitwa Jemima. Alikuwa mwanamke wa Kikoneni, mrefu, mwenye sauti ya upole, na alikuja na pikipiki yake mwenyewe. Wanawake kumi na wawili walijiandikisha. Kazija alikuwa mmoja wao. Mwanzoni mkono wake ulikuwa mzito. Kalamu ilimtoa jasho. Lakini mwezi wa pili aliandika jina lake, na mwezi wa tano alisoma sentensi nzima kwa kuunganisha silabi.

Siku moja Mwalimu Jemima aliwapa kazi ya nyumbani. Aliwaambia wasisome kitabu. Watafute maandishi mahali popote kijijini: dukani, zahanati, ofisi ya chifu. Kila mtu anakili maneno matatu aliyoyasoma peke yake.

Kazija alipitia ofisi ya chifu alipokuwa akitoka kuuza. Ubao wa matangazo ulikuwa nje, ukutani. Miaka yote aliupita kama mtu anavyopita ukuta. Siku hiyo alitua karai lake chini akasimama mbele yake.

Alianza juu. "Ka-ma-ti. Kamati. Ya ma-ji. Kamati ya maji. Mi-to-ndo-o-ni."

Alifurahi, maana hilo lilikuwa jambo analolijua. Aliendelea. Chini yake palikuwa na majina tisa, kila jina na namba yake. La kwanza, Abdulrahim, mwenyekiti. La pili, Ubeid, katibu. Alikuwa akiyatambua majina kabla hajayamaliza, na alijiona kama mtu anayesalimiana na watu njiani. Akafika la saba.

Alilisoma. Akalisoma tena. Aliweka kidole chini ya kila herufi, kama alivyofundishwa. Kazija Shaame Faki. Mjumbe.

Alifikiri yuko Kazija mwingine. Lakini mbele ya jina palikuwa na tarakimu nane. Alizisoma moja moja kwa sauti ya chini. Ilikuwa namba ya kitambulisho chake.

Alitoa daftari lake akanakili maneno matatu.

Kesho yake Mwalimu Jemima alipita akikagua kazi. Mmoja aliandika "sukari, unga, chumvi". Mwingine aliandika "nawa mikono kwanza". Alipofika kwa Kazija alitabasamu, akamwambia kwa upole kwamba jina lake walikwisha kujifunza zamani, na kwamba kazi ilikuwa kutafuta maneno ya nje.

"Ni ya nje, Mwalimu," Kazija alisema. "Yako ubaoni kwa chifu. Wamesema mimi ni mjumbe wa kamati ya maji."

Mwalimu alimtazama usoni kuona kama anatania. Kisha alivuta kiti kidogo cha watoto akakaa karibu naye. Alimwuliza kama aliwahi kuchaguliwa. Hapana. Kama aliwahi kuitwa mkutanoni. Hapana. Kama kuna mtu aliyewahi kuchukua nakala ya kitambulisho chake. Hapo Kazija alikumbuka. Yapata mwaka mmoja na nusu uliopita, Ubeid alipita Kwa Wapemba akikusanya nakala za vitambulisho. Alisema ni kwa orodha ya vyandarua. Vyandarua havikuja, na watu wakasahau.

Mwalimu Jemima aliwaeleza wote, si Kazija peke yake.

"Katiba ya Kenya inasema hivi: katika kamati ya umma, watu wa jinsia moja wasizidi theluthi mbili. Maana yake, kamati ikiwa na watu tisa, wanaume wasizidi sita. Lazima wanawake wasipungue watatu. Kamati isiyofuata hivyo ina shida kukubaliwa. Sasa baadhi ya watu hufanya nini? Hawawaiti wanawake. Huita majina yao tu."

Mwanamke mmoja aliuliza, basi Kazija aende akalifute jina lake?

"Anaweza," Mwalimu alisema. "Ni haki yake. Lakini akilifuta, watatafuta jina jingine la mwanamke asiyejua kusoma. Kiti kimekwisha kuwekwa. Kilichobaki ni mwenyewe kwenda kukikalia."

Akamweleza Kazija mjumbe ana haki gani. Ana haki ya kuarifiwa siku ya mkutano. Ana haki ya kusoma kitabu cha kumbukumbu, yaani kitabu kinamoandikwa yote yaliyosemwa na kuamuliwa. Ana haki ya kusema, na sauti yake ihesabiwe sawa na ya mwenyekiti. Kazija alisikiliza, akaomba yarudiwe, akasikiliza tena.

Jioni hiyo alimweleza mumewe. Twahir alikuwa akishona wavu. Mikono yake ilisimama. Hakukasirika. Aliogopa. Alimkumbusha kwamba Mzee Abdulrahim ndiye mwenye karatasi zake. Akikataa kutia sahihi, atabaki bila kitambulisho, na bila kitambulisho kila doria ya baharini inaweza kumshika. Alikuwa amekwisha kulala kizuizini mara mbili kwa sababu hiyo. Bi Mize, aliyekuwa mkekani akichambua kunde, alisema neno moja tu: waache mambo ya watu.

Usiku ule Kazija alipata usingizi mchache. Alimwona Nusra akiamka, akitwaa mtungi kabla ya begi la shule. Alijiuliza kama siku moja na Nusra atamwambia binti yake apite pembeni.

Asubuhi alikwenda kusoma ubaoni majina mawili yaliyobaki, kisha akaenda Bandani kumtafuta mwanamke mwingine aliyekuwa kwenye orodha. Huyo alikuwa Mwanafatuma, fundi cherehani, Mdigo wa kijiji hicho hicho, mwenyeji wa miaka yote. Kazija alidhani Mwanafatuma alijua. Hakujua. Alicheka kwanza, akidhani ni mzaha. Kisha akaacha kushona. Alisema kumbe mwenyeji na mkimbizi wametumiwa sawasawa.

"Na wa tatu ni nani?" aliuliza.

Kazija alimtajia. Jina la tisa lilikuwa la Bi Jumwa, yule mama mzee aliyeuza mahamri karibu na msikiti.

Bi Jumwa alikuwa amekufa mwezi wa kwanza. Wao wawili ndio walioitwa, pamoja na wengine, kumwosha.

Walikubaliana kwenda mkutanoni. Mwanafatuma aliuliza uliza mpaka akajua ni lini: Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, kwenye banda la wavuvi. Kazija alimwomba Mwalimu Jemima afuatane nao. Mwalimu alikataa. "Mimi si mjumbe," alimwambia. "Nikija, watasema ni maneno yangu. Nenda na yako. Umeyaweza ya ubaoni, ya kitabuni hayatakushinda."

Jumamosi ilipofika, Kazija alikuwa na beseni la vibua ambao hawajakaangwa. Alisimama mlangoni akiwatazama, nusu akitaka wamzuie. Twahir alimtazama, akatazama samaki. Alikunja mikono ya shati lake.

"Nenda," alisema. "Hawa nitawakaanga mimi."

"Na karatasi zako?"

"Nimezingoja miaka. Nenda, mke wangu, usije ukachelewa."

Wanaume waliopita siku ile walimwona Twahir kando ya njia na mwiko mkononi. Wengine walimcheka. Wengine walinunua.

Bandani, wanaume watano kati ya sita wa kamati walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki. Mzee Abdulrahim alikuwa mtu mpole wa maneno, kofia yake safi daima. Kazija na Mwanafatuma walimwamkia, "Shikamoo, mzee," naye akaitika marahaba. Aliwauliza kama kuna jambo. Aliwaomba radhi, kwamba hapo pana mkutano wa kamati, basi wangoje kidogo.

"Tumekuja kwenye mkutano wa kamati, mzee," Kazija alisema. "Sisi ni wajumbe. Mimi ni wa saba. Mwanafatuma ni wa nane."

Wanaume walitazamana. Ubeid, katibu, aliinamia karatasi zake. Mmoja alisema kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha, kwamba siku hizi hata wakimbizi wana mikutano. Fondo, mzee fundi wa mashua, alimwambia anyamaze. Kisha aliinuka, akavuta viti viwili, akaviweka kwenye duara pamoja na vyao.

Wakakaa.

Kazija aliomba kitabu cha kumbukumbu. Ubeid alisema kitabu ni cha ofisi. Kazija alisema anajua, na ofisi ni kamati, na yeye ni kamati. Alisema kwa adabu, bila kupandisha sauti. Mzee Abdulrahim aliashiria kwa mkono. Ubeid akatoa kitabu.

Kazija alikifungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Alianza kusoma. Alisoma polepole, kidole chini ya maneno, silabi baada ya silabi. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemcheka. Kitabu kilisema kwamba tarehe kumi na mbili mwezi wa tano kamati ilikutana. Kilisema serikali ya kaunti itajenga mfereji wa pili Mitondooni. Kilisema wajumbe wote wamekubaliana mfereji huo ujengwe Bandani, mbele ya banda la wavuvi, hatua mia mbili tu kutoka ule wa kwanza. Chini palikuwa na majina ya waliohudhuria. Wanaume walikuwa wametia sahihi. Mbele ya majina ya wanawake palikuwa na alama tatu za kidole gumba, zenye wino wa buluu.

Kazija alisoma jina lake. Alisoma la Mwanafatuma. Kisha alisoma la Bi Jumwa, na kidole chake kikabaki hapo.

"Mzee Abdulrahim," alisema. "Bi Jumwa alifariki mwezi wa kwanza. Mkono wake niliuosha mimi. Hiki kidole kilichotiwa hapa mwezi wa tano ni cha nani?"

Ubeid alitazama vidole vyake mwenyewe, na kila mtu akaona.

Mzee Abdulrahim alivua kofia akaishika magotini. Alisema kwamba wao hawakukusudia ubaya. Walionelea ni mambo ya karatasi tu. Afisa alitaka wanawake watatu, na wao walitaka maji yaje upesi. Aliongeza kwamba hakudhani wanawake wangetaka kukaa saa nzima wakisikiliza habari za mabomba.

"Hamkutuuliza," Kazija alisema.

Mzee alisema, bila kumtazama, kwamba inafaa mtu akumbuke wema. Alisema karatasi za mumewe ziko nyumbani kwake.

Hilo ndilo aliloliogopa Kazija, na sasa limesemwa. Alimwona Twahir akiwa kizuizini. Alimwona pia kando ya njia, ameshika mwiko.

"Najua, mzee," alisema. "Umemjua Twahir tangu anatambaa. Mamangu alikuja hapa mgongoni mwa bibi yangu, na babako ndiye aliyewapa mahali pa kujenga. Hatujasahau. Karatasi ile inauliza kama unamjua. Ukisema humjui, utakuwa umesema uongo, na mimi sidhani wewe ni mwongo. Lakini hilo ni jambo jingine. Leo tunazungumza maji."

Fondo alikohoa. Alisema maneno ya mama huyu ni ya haki, na yeye binafsi haoni raha sahihi yake kukaa karatasi moja na kidole cha marehemu. Alitaka uamuzi ule ufutwe. Mzee Abdulrahim aliuliza nani anaafiki. Kazija alinyosha mkono. Mwanafatuma alinyosha. Fondo alinyosha. Kwa muda hapakuwa na mkono mwingine. Walikuwa saba, na watatu hawatoshi.

Kisha mkono wa nne uliinuka taratibu. Ulikuwa wa Mzee Abdulrahim mwenyewe.

Alisema jambo hili lipelekwe mbele ya kijiji chote.

Baraza lilifanyika wiki mbili baadaye, kwenye uwanja wa shule ya msingi, chifu akiwapo. Wiki hizo mbili Kazija na Mwanafatuma hawakukaa bure. Mmoja alipita Kwa Wapemba, mwingine alipita Bandani. Waliuliza kila nyumba inatumia mitungi mingapi, na nani anayekwenda kuteka. Kazija aliandika majibu kwa mkono wake. Waligundua jambo ambalo hata wao hawakulitarajia. Wasichana thelathini na mmoja walikuwa wakikosa masomo kwa ajili ya maji, na kumi na wanne kati yao walikuwa wa Bandani kwenyewe, kwa sababu ya foleni ndefu.

Siku ya baraza wengi walidhani Kazija ataomba mfereji ujengwe Kwa Wapemba. Hakuomba hivyo. Alisimama mbele ya watu na daftari lake akaeleza. Bomba la kutoka kisimani linapita nyuma ya shule. Shule iko katikati, kati ya pande mbili. Mfereji ukijengwa hapo, watu wa Kwa Wapemba watatembea robo saa, foleni ya Bandani itapungua, zahanati iliyo jirani itapata maji, na watoto watakunywa. Tena akaomba mifereji yote miwili ifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kengele ya shule na kabla ya samaki.

Wapo waliopinga. Mtu mmoja alisema wenyeji hawawezi kupangiwa na wageni. Mwanafatuma alisimama akamwuliza yeye hateki maji pamoja na hao wageni, hanunui samaki wao, hakusoma madrasa moja nao? Mtu yule alikaa. Chifu aliuliza wanaokubali mahali pa shule wanyoshe mikono.

Kazija alitazama watu. Mikono iliinuka walipokaa watu wa Kwa Wapemba, iliinuka kwa wanawake wa Bandani, iliinuka kwa wavuvi waliochoka kuosha nyavu kwa maji ya kuomba. Kisha alimwona mama yake. Bi Mize alikuwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, mahali alipokaa maisha yake yote. Alikuwa amesimama. Mkono wake mwembamba ulikuwa juu, na kanga imemteleza begani, wala hakuushusha mkono kuifunga. Karani alipomaliza kuhesabu na watu wengine wakaketi, yeye bado alikuwa amesimama.

Mahali pa shule palishinda kwa kura nyingi. Siku hiyo hiyo walichagua mwanamke wa kujaza nafasi ya Bi Jumwa, naye alichaguliwa mbele ya watu, akisikia jina lake likitajwa. Ubeid aliomba radhi hadharani. Aliachwa kwenye kamati, lakini ukatibu alipewa Mwanafatuma. Kazija alichaguliwa naibu mwenyekiti.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, Mzee Abdulrahim alibisha hodi nyumbani kwa Kazija. Hakukaa. Alimkabidhi Twahir bahasha, akasema aliichelewesha bila sababu, na amsamehe. Twahir aliifungua. Sahihi ilikuwapo.

Mfereji wa shule ulifunguliwa mwezi wa tisa. Leo maji hutoka saa kumi na mbili asubuhi. Kazija huteka kabla ya kwenda bandarini, na Twahir huteka siku asizokwenda baharini. Nusra huingia darasani kengele ikilia, na muhula uliopita alikuwa wa nne katika Hisabati. Darasa la Mwalimu Jemima sasa lina wanawake ishirini na saba na wanaume sita, na limehama chumba kwa kukosa nafasi.

Mwanzoni mwa mwaka huu kamati za maji za vijiji mbalimbali ziliitwa Msambweni, kutoa maoni yao juu ya mipango ya kaunti. Ukumbi ulijaa. Walikuwapo watu wa Vanga, watu wa Kikoneni, watu wa Gazi. Kila kijiji kilipoitwa, mwenyekiti wake alisimama akasema. Karibu wote walikuwa wanaume.

Afisa aliita, "Mitondooni. Nani anasema kwa niaba ya Mitondooni?"

Kazija aligeuka kumtazama Mzee Abdulrahim, akimpisha apite. Mzee alikuwa ameketi, mikono juu ya bakora. Hakuinuka.

"Atasema huyu," alimjibu afisa, kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima. "Huyu ni wetu, na mambo ya maji anayajua kutushinda."

Kazija alitwaa kipaza sauti. Aliwasalimu watu, akafungua daftari lake, akaanza kusema.